Skopu Ndogo Ikikusumbua: Ni Hewa, Mguu, Kioo au Jicho?

Skopu yangu, yaani darubini ya jicho moja inayokaa juu ya stendi, ina lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 50 na hukuza mara 12 hadi 36. Ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa koti. Nimekaa nayo miaka tisa nikiongoza wageni na kuhesabu ndege hapa Nakuru, na kila mwaka huteremka nayo Kisumu na kupita Kakamega. Katika miaka hiyo nimeishtaki kwa makosa mengi, na mara nyingi nimemkuta mshtakiwa hana hatia. Mkosaji alikuwa hewa, au stendi, au vumbi, au mimi mwenyewe. Kwa hiyo mtu akinijia na yake mkononi akisema "hii imekufa", sikimbilii bisibisi.

Namwambia kwanza aache ziwa. Atafute kitu chenye maandishi kilicho mita 30 hivi, kibao cha duka au namba ya gari, aelekeze skopu hapo, kisha ashushe ukuzaji hadi chini kabisa. Maandishi yakisomeka bila shida, mara nyingi skopu ni nzima, na shida iko kati yake na ndege. Yasiposomeka, shida iko kwenye kioo, fokasi au jicho. Jaribio hili halichukui hata dakika mbili, na limeokoa skopu nyingi zisifunguliwe bure.

"Picha inachemka"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi kando ya Ziwa Nakuru. Saa nne asubuhi, jua likishalipasha tope la ufukweni, heroe wanaonekana kama wamechorwa kwa wino kwenye karatasi mbichi. Miguu imekatika, shingo zinacheza. Mtu anazungusha fokasi mbele na nyuma hadi anachoka, kisha anaanza kuuliza bei ya skopu kubwa.

Hiyo ni hewa. Ardhi ikipata moto, hewa iliyo juu yake hupanda kwa mafungu yenye joto tofauti, na kila fungu huupinda mwanga kwa namna yake. Ukimkuza ndege mara 36, umeukuza na msukosuko huo mara 36. Skopu ya bei ya ng'ombe watatu itakuonyesha mchemko uleule, ila kwa rangi nzuri zaidi. Utaijua hewa kwa jambo moja: mara picha inatulia nukta moja, safi kabisa, kisha inapotea. Kioo kibovu hakina nukta ya nafuu.

Shusha ukuzaji hadi 15 au 20, utaona mengi kuliko ukiwa kwenye 36. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au subiri wingu baada ya mvua. Ukiweza, panda juu: ukiwa Baboon Cliff, ule mwamba ulio juu ya ziwa, macho yako hayapiti sana juu ya tope lenye moto, ingawa ndege wako mbali zaidi. Kipimo changu cha picha nzuri ni mdomo wa heroe. Heroe mdogo ana mdomo wa wekundu uliokolea, karibu uwe mweusi. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Siku ambayo siwezi kutenganisha midomo hiyo kwa umbali niliouzoea, naiacha skopu na kushika darubini ya macho mawili.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni gari lenyewe. Ndani ya mbuga huruhusiwi kushuka ila mahali palipotengwa, kwa hiyo skopu nyingi hufungwa dirishani. Gari lililokaa juani ni kama jiko: hewa ya moto hutoka kwa dirisha lilelile unalotazamia, sentimita chache mbele ya lenzi. Injini ikiwa inaunguruma, ongeza mtetemo. Zima gari, fungua madirisha yote ya pande mbili, ngoja dakika kumi na tano. Wala usitazame kwa kupitia juu ya boneti.

"Inatikisika hata nisipoigusa"

Skopu ndogo huponzwa na wepesi wake. Mwenye skopu nyepesi hununua stendi nyepesi, halafu upepo wa alasiri unapovuma Kisumu kutoka ziwani, vyote viwili vinacheza. Jaribu hivi: weka kwenye 36, gonga mguu wa stendi kwa kidole, uhesabu. Picha ikitulia kabla ya kufika mbili, stendi inatosha. Ikifika nne au tano, tatizo lako ni la miguu, si la lenzi.

Usivute mhimili wa katikati juu hata kama unakulazimu kuinama. Afadhali ukae kwenye kigoda. Fungua kwanza vipande vinene vya miguu, vile vyembamba vya chini uviache ndani. Ning'iniza begi katikati, lakini liguse ardhi kidogo lisije likawa bembea. Kwenye njia ya mbao ya Dunga, kulekule Kisumu, pale kwenye mafunjo, hata stendi ya kilo tano haisaidii: mtu mmoja akipita, ubao unakuja na wewe. Msubiri apite. Na kwenye mashua usijisumbue, skopu haina kazi humo.

Kama inatikisika kwenye kiungo chenyewe, yaani skopu inacheza juu ya stendi imara, angalia skrubu ya kibamba cha chini, kile kinachoishika skopu kwenye stendi. Barabara za mawe huilegeza polepole. Sarafu ya shilingi ishirini inaikaza vizuri. Na kama kichwa cha stendi kinashuka chenyewe ukikiachilia, huenda hujakibana, au skopu imewekwa mbele mno na uzito wote uko puani. Isogeze nyuma kwenye kibamba.

"Imekuwa giza"

Chukua upana wa lenzi ya mbele, ugawe kwa ukuzaji. Kwa skopu yangu, 50 kwa 12 ni milimita 4 na kidogo. 50 kwa 36 ni milimita 1.4. Huo ndio upana wa mwale unaoingia jichoni. Jioni mboni hupanuka ikitaka mwanga, nawe unaipa tundu la sindano. Saa kumi na mbili jioni, ukuzaji wa 36 kwenye lenzi ya 50 ni giza hata skopu ikiwa imetoka dukani jana. Rudi kwenye 15.

Giza la kingo, au kivuli chenye umbo la haragwe kinachozunguka ukisogeza kichwa, ni suala la umbali wa jicho. Anayevaa miwani akunje kikombe cha mpira chini, asiyevaa akiinue. Wanaopiga picha kwa simu hukutana na kivuli hichohicho kwa sababu hiyohiyo.

Ila kama giza limekuja kidogokidogo kwa miezi, na mchana kweupe picha inaonekana kama imepakwa maziwa, pangusa lenzi ya jichoni kabla ya jambo lolote. Kope zetu zina mafuta. Miaka miwili ya kope hufanya utando ambao huuoni hadi uuondoe.

"Ina ukungu"

Hapa lugha yetu imetuwekea mtego. Ukungu ni ule wa alfajiri juu ya ziwa, na ukungu ni ule wa mkate uliolala wiki. Mtu akiniambia skopu yake ina ukungu, namuuliza ni upi, maana kuna aina tatu, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine.

Wa kwanza ni mvuke wa nje. Nakuru alfajiri huwa na baridi ya nyuzi 10 hivi, na pumzi yako inapiga lenzi ya jichoni. Unapotea wenyewe baada ya muda. Kisumu ni kinyume: umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, umesimama Hippo Point kwenye joto lenye unyevu, na kioo baridi kinavuta maji kama chupa ya soda. Usipanguse, kwa sababu utarudi mara tatu na kila mara utasugua vumbi. Iache skopu ndani ya begi lililofungwa robo saa ipate joto taratibu, ndipo uifungue.

Wa pili ni mvuke wa ndani. Unapangusa mbele, unapangusa nyuma, nao upo palepale. Skopu nzuri hujazwa naitrojeni kavu na kuzibwa kwa oringi za mpira ili hewa yenye unyevu isiingie. Miaka ikienda, oringi hukauka. Mchana kwenye gari skopu hupata moto na gesi hupumua nje. Usiku hupoa na kuvuta hewa ya nje ndani. Safari ya kutoka Nakuru hadi Kisumu, ambako unashuka zaidi ya mita 600, huongeza shinikizo kwenye oringi iliyochoka. Lakini usikate tamaa haraka. Kama lenzi yako ya jichoni inafunguka, ifungue ndani ya nyumba kavu uangalie. Skopu nyingi zisizopitisha maji zina kioo kingine kinachoziba mwili chini ya lenzi hiyo, na mara nyingi mvuke umekaa katika nafasi iliyo kati ya viwili hivyo tu. Hiyo unaikausha mwenyewe: iweke pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ndani ya kopo linalofunga, siku mbili tatu. Mchele ambao watu hushauri una unga wake. Sitaki unga karibu na kioo. Kama mvuke uko ndani ya mwili wenyewe na unarudi kila asubuhi ya baridi, oringi imekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi.

Wa tatu ndio unaouma: kuvu. Nilimkuta wa kwangu baada ya wiki mbili Kakamega msimu wa mvua, nikifuatilia hondohondo na kulukulu mkubwa wa buluu. Kila jioni nilifuta skopu, nikaivalisha mfuko wake wenye sufu ndani, nikaufunga. Mfuko ulikuwa umelowa. Niliporudi Nakuru niliurusha kabatini, nikausahau hadi sensa ya ndege wa majini ya Januari. Kwenye ukingo wa lenzi ya jichoni kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi ya nyasi.

Kumtambua, zima taa, mulika tochi kwa mbele ukitazama kwa pembeni, kamwe usitazame tochi moja kwa moja kupitia skopu. Mvuke huonekana kama vumbi laini lililotandazwa sawasawa, na kuvu huwa na matawi. Akiwa nje ya kioo, anatoka kwa kitambaa na maji ya kusafishia lenzi. Akiwa ndani, humfikii, na akikaa muda mrefu asidi yake hula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, alama ikabaki hata baada ya yeye kufa. Anapenda giza, hewa iliyotuama na unyevu unaozidi asilimia 60 au 70 kwa siku nyingi. Kwa hiyo usimpe: skopu ikae rafuni panapopita hewa na mwanga wa mchana, nje ya mfuko wake, na kwenye mvua nyingi ikae kwenye kopo na silika. Wangu alikuwa nje. Nilibahatika.

"Fokasi ni nzito, inasaga"

Sikiliza kabla ya kulazimisha. Ikisaga kama mchanga, ni vumbi, na hapa Nakuru vumbi hilo lina magadi. Maji yakirudi nyuma msimu wa kiangazi, ufukwe hubaki na ganda jeupe, na upepo hulibeba. Magadi yaleyale tunayotia kwenye mboga yakipata unyevu huuma alumini, ambayo ndiyo mwili wa skopu nyingi. Safisha mwanya wa gurudumu kwa brashi laini ya kupakia rangi, ukiielekeza skopu chini ili vumbi lianguke badala ya kuingia. Kisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji safi. Baada ya kila siku ufukweni, si kila mwisho wa mwezi.

Ikiwa nzito bila kusaga, hasa alfajiri, na inalainika mchana, ni grisi iliyozeeka. Ishi nayo. Nasema hivyo kwa kuwa mwaka wa nne niliamua kutoishi nayo. Nilitia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Kwa wiki moja gurudumu lilizunguka kama hariri. Kisha gari lilikaa juani siku nzima, mafuta yakatambaa, na jioni heroe wote wakawa na taji la mwanga kichwani. Utando ulikuwa umetua kwenye kioo cha ndani. Nilichomlipa fundi kuutoa kingenunua stendi mpya.

Kuna lingine linalofanana na ubovu wa fokasi: gurudumu linafika mwisho na ndege wa mbali bado hajakaa sawa, ingawa wa karibu yuko safi. Kabla ya kulia, shika lenzi ya jichoni uizungushe. Zile zinazofunguka hulegea kwa mtikiso wa barabara, zikitoka nje milimita moja tu fokasi ya mbali imepotea. Nimeponya skopu tatu za watu kwa njia hii, na wote walinitazama kama mganga.

"Upande mmoja haukai sawa"

Umeangusha skopu, au imeanguka kwenye kiti gari liliposhika breki. Nje haina hata mkwaruzo, lakini tangu hapo picha ina kitu. Subiri usiku usio na mawingu. Tafuta nyota kali iliyo juu sana angani, iweke katikati kwa ukuzaji wa juu kabisa, ipeleke fokasi hadi iwe nukta. Kisha zungusha gurudumu kidogo mbele, nyota ifunguke; halafu kidogo nyuma. Inapaswa kufunguka kuwa duara pande zote mbili. Ikiwa na mkia upande mmoja kama kimondo, prizimu, yaani kioo cha ndani kinachoigeuza picha ikae wima, au lenzi imehama. Ikiwa yai lililolala ukienda mbele na yai lililosimama ukirudi nyuma, kioo kimebanwa au kimekaa upande.

Usitoe hukumu bado. Inamisha kichwa chako, skopu ikae vilevile. Yai likizunguka pamoja na kichwa, ni la jicho lako. Likibaki palepale, ni la skopu.

Mstari wa zambarau au kijani kwenye ukingo wa furukombe aliyetua juu ya mti mkavu, anga jeupe nyuma yake, si kuharibika. Ni tabia ya kioo cha kawaida, na ulikuwepo siku uliyonunua, ila macho yalikuwa bado kwenye harusi.

"Kioo kina madoa"

Madoa meupe ni magadi yaliyokauka. Yanayeyuka kwenye maji, kwa hiyo anza na maji, usianze na kusugua. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira, pitisha brashi, dondoshea maji yaliyotoneshwa kwenye kitambaa laini, gusa doa liyeyuke, ndipo upanguse kwa duara bila kukandamiza. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa mara mbili, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri. Shati lako si kitambaa cha lenzi, wala leso.

Kisumu adui ni wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji. Wakipondeka kwenye lenzi, kitambaa kikavu huwasambaza, lowesha kwanza. Na ukijipaka dawa ya mbu yenye DEET, nawa mikono kabla ya kushika skopu. DEET hulainisha baadhi ya plastiki na mpira. Ukiona alama za vidole vyako zimeganda kwenye mpira wa nje na mahali hapo pananata, hiyo ndiyo sababu, na hakuna dawa ya kuurudisha.

"Nimepima yote, bado"

Basi pima jicho. Tumia la pili. Mwombe mtu mwingine atazame. Kufumba jicho moja kwa nguvu saa nzima huchosha yote mawili. Yaache wazi, ulizibe lisilotumika kwa kofia. Vidoa vinavyoelea polepole kwenye anga jeupe, vikifuata macho yako, viko ndani ya jicho. Vikija vingi ghafla, pamoja na mimweko ya mwanga, mwone daktari siku hiyohiyo.

Mzee mmoja tuliyekuwa tukihesabu chamchanga naye alibadilisha skopu mbili akilalamika kwamba mwanga unatawanyika. Ya kwanza ninayo mimi, haina kasoro. Alikuwa na mtoto wa jicho.

Fundi

Kwa prizimu iliyohama, oringi iliyokwisha au kuvu wa ndani, usifungue mwenyewe. Angalia kwanza kama waranti bado hai, maana skrubu ikishaguswa waranti nyingi hufa hapohapo. Mwenzangu alipeleka yake kwa mtu anayetengeneza kamera mjini. Ilirudi inang'aa, na nyota ikawa na mkia ambao haikuwa nao. Sasa mimi huuliza maswali mawili kabla ya kuitoa kwenye begi: ukishaifunga utaijaza naitrojeni kwa kutumia nini, na utajuaje kwamba vioo vimerudi kwenye mstari? Anayejua atakuonyesha mtungi wake na kifaa chake. Akikujibu "tutaona tukishafungua", mshukuru, uende zako nayo.